Nyumba mpya yenye kiwanja kidogo au ya zamani yenye kiwanja kikubwa? Kabla ya mita za mraba, hesabu milango

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tumezunguka kutafuta nyumba ya kununua na sasa tumebakiwa na mbili ambazo bei zake zinakaribiana. Ya kwanza ni mpya, ina ghorofa moja juu, mita za mraba 160, kwenye kiwanja cha mita 12 kwa 25. Chini kuna ukumbi mmoja wenye sebule, meza ya kulia na jiko, pamoja na choo kidogo cha wageni. Vyumba vyote vinne vya kulala viko juu. Ya pili ina miaka hamsini hivi, haina ghorofa, mita za mraba 120, imekaa katikati ya kiwanja cha mita 30 kwa 30. Ina vyumba vitatu vya kulala, sebule, chumba cha kulia, jiko lenye mlango wake, stoo na korido ndefu. Tuna watoto wawili wa shule ya msingi, mume wangu hufanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki, na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, anahamia kwetu mwakani. Mume wangu anataka ya zamani kwa sababu anasema nyumba za zamani zilijengwa kweli kweli, na kiwanja ni kikubwa. Mimi ile mpya imenikaa moyoni: ni kubwa, ina mwanga, na napenda kuwaona watoto nikiwa jikoni. Dada yangu anasema tununue ya zamani kisha tubomoe kuta za ndani tupate ukumbi kama ule wa nyumba mpya. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Jibu:

Asante, dada, hasa kwa kuandika vipimo. Wengi huniuliza "ipi bora, ya zamani au mpya?" bila kuniambia kiwanja kina upana gani wala nani atalala wapi, na swali la namna hiyo halina jibu. Lako linalo. Kila mmoja wenu watatu ana kipande cha ukweli, ila dada yako ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu ushauri wake unasikika rahisi na ndio wenye gharama kubwa kuliko yote. Nitafika kwake.

Nianze na neno la mume wako, kwamba nyumba za zamani zilijengwa kweli kweli. Baadhi, ndiyo. Lakini kumbuka kwamba zile zilizojengwa ovyo miaka hiyo hiyo zilishaanguka, zilishabomolewa au zimeshajengwa upya. Zilizosimama hadi leo ndizo tunazoziona, na kwa kuziona hizo tu tunadhani zote zilikuwa hivyo. Nyumba ya miaka hamsini imekwisha kufaulu mtihani mmoja mkubwa: udongo chini ya msingi kwa kawaida umeshatulia, mvua nyingi zimeshapita juu ya paa, na kama kulikuwa na ufa wa kutokea, mara nyingi umeshatokea na unaweza kuuona kwa macho yako. Nyumba mpya haijajaribiwa. Zege na plasta bado vinakauka na kusinyaa, udongo uliojazwa kuzunguka msingi bado unashuka, na nyufa nyembamba za miaka ya mwanzo ni jambo la kawaida. Kwa upande huo mume wako ana hoja.

Asichokisema ni kwamba kuta zikiwa imara, vilivyomo ndani yake huwa vimezeeka. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hushika kutu kwa ndani mpaka njia ya maji inabaki nyembamba kama penseli. Nyaya za umeme za wakati ule mara nyingi hazina waya wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, na soketi zilikuwa chache kwa sababu vifaa vilikuwa vichache. Nondo zilizo karibu na uso wa zege, hasa kwenye vibaraza na ncha za paa, zikishika kutu huvimba na kuupasua uso huo vipande vipande. Kuna pia asbesto, madini ya nyuzi nyuzi, kwenye mapaa, dari na mabomba ya miaka hiyo, na rangi zenye madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978, na Uingereza ilifunga mlango wa asbesto mwaka 1999, maana yake ni kwamba nyumba ya umri huo inaweza kuwa navyo vyote viwili. Asbesto iliyotulia na isiyovunjika haimdhuru mtu kwa kukaa tu pale juu. Hatari huja siku fundi anapoipiga nyundo au kuikata kwa msumeno, na vumbi lake likavutwa mapafuni. Kwa hiyo mawazo yoyote ya kubomoa huanza na kujua dari na paa vimetengenezwa kwa nini.

Sasa tuje kwako. Umevutwa na ukumbi wazi, na sikulaumu. Watu huuona kama mtindo wa juzi, lakini si wa juzi. Mchoraji wa majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, alikwishaweka sebule na sehemu ya kulia katika nafasi moja ndefu, na meko tu katikati, kwenye nyumba ya Robie mjini Chicago iliyokamilika mwaka 1910. Mwaka 1914 mchoraji mwenzake wa Ulaya, Le Corbusier, alichora fremu aliyoiita Dom-Ino: majamvi, yaani sakafu bapa, ya zege juu ya nguzo, bila ukuta wowote unaobeba mzigo. Siri ya ukumbi wazi iko hapo. Nguzo na boriti zikibeba uzito, kuta za ndani hazina kazi ya kuzuia nyumba isianguke, na mchoraji anaweza kuziondoa. Kwenye nyumba nyingi za zamani kuta ndizo nguzo, na vyumba vinakuwa vidogo kwa sababu boriti haikuweza kuruka umbali mrefu kwa bei nafuu. Ukumbi wa nyumba mpya haukutokana na ukarimu wa mjenzi. Kuta ni gharama, milango ni gharama, na nyumba ikiwa na vichache kati ya hivyo huonekana kubwa wakati wa kuonyeshwa.

Ndiyo maana nakuomba uache kwanza kulinganisha 160 na 120, uhesabu kitu kingine: sehemu ambazo mtu anaweza kuingia, akafunga mlango, akafanya shughuli yake bila kumsumbua wala kusumbuliwa na mwingine. Bafu na choo usivihesabu. Nyumba mpya ina nne, zote juu. Ya zamani ina vyumba vitatu vya kulala, jiko, pengine sebule na chumba cha kulia kama milango yake bado ipo, na stoo kama ina dirisha. Zinaweza kufika sita au saba, zote kwenye usawa mmoja wa sakafu. Kwa familia yenye mtu wa kazi za nyumbani, watoto wawili na mzee anayelala mchana, hesabu hiyo ina uzito kuliko mita 40 za mraba.

Fikiria saa kumi jioni. Watoto wamerudi shuleni na runinga imewashwa. Mume wako yuko kwenye kikao kwa simu. Wewe unasaga kitu kwenye blenda, na mama mkwe anapumzika. Kwenye ukumbi wazi hakuna kinachoizuia sauti isipokuwa umbali, na umbali ndani ya nyumba ni kizuizi dhaifu. Nje kwenye uwanja, ukiongeza umbali mara mbili sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ndani hupungua chini ya hapo, kwa sababu vigae, vioo na dari tambarare huirudisha. Nyumba ya ghorofa huongeza jambo: ngazi iliyo wazi ndani ya ukumbi ni bomba la kupeleka sauti, harufu na joto mpaka mlangoni mwa vyumba vya juu.

Wala usidhani mlango wowote unatosha. Chukua mlango wa upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2. Ukiwa na mwanya wa sentimita 1 tu chini, mwanya huo ni nusu ya asilimia moja ya eneo la mlango. Unaonekana si kitu, lakini unatosha kuufanya mlango mzima usiweze kuzuia zaidi ya desibeli 23 hivi, hata ungekuwa wa mbao ya mninga unene wa kiganja. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kwa hiyo kwenye nyumba ile ya zamani piga magoti uangalie chini ya milango, kisha mwombe mtu aongee upande wa pili. Habari njema ni kwamba kuziba mwanya kwa mpira wa mlango ni kazi ya dakika chache, lakini kuupata ukuta usiokuwepo ni ujenzi.

Kuhusu korido ndefu, najua watu huiona kama nafasi iliyopotea, na hesabu inaonekana kuwaunga mkono: korido ya mita 1.2 kwa 10 ni mita za mraba 12, sawa na chumba kizuri cha kulala. Ila nyumba isiyo na korido haijafuta njia za kupita. Imezificha katikati ya sebule. Chukua ramani ya nyumba mpya na penseli, chora mstari kutoka mlango mkuu hadi ngazi, kutoka ngazi hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlango wa nyuma, kutoka sofa hadi choo cha wageni. Kila mstari uupe upana wa sentimita 90, kisha jaribu kupanga makochi na meza kwenye kinachobaki. Nimeona kumbi za mita za mraba 50 ambazo, ukiondoa njia, zinabaki na kona moja tu ya kukaa ambako hakuna anayepita mbele ya runinga. Huenda wa kwenu si hivyo. Mistari itakwambia.

Mwanga ulioupenda ni wa kweli, na kwenye nyumba ya zamani huenda ukaukosa. Kanuni ya haraka ya wachoraji ni kwamba mwanga wa dirisha huingia ndani kwa manufaa kiasi cha mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Dirisha likiishia mita 2.1, umepata mita 4 hadi 5. Ukumbi wa kina cha mita 10 wenye madirisha mbele na nyuma unaendana vizuri na kanuni hiyo, na upepo nao unapita moja kwa moja. Lakini hapo pana mtego. Siku mtakapochoka na kelele mkaamua kuugawa, ukuta mmoja katikati utaacha vyumba viwili vyenye dirisha kila kimoja, sawa. Kuta mbili zitaacha chumba cha kati kisicho na mwanga wala hewa, kwa sababu madirisha ya pembeni, kama yapo, yanatazamana na ukuta wa jirani. Kabla hujafurahia ukumbi, uliza ungegawanyika vipi.

Na mama mkwe? Hapa sitazunguka. Magoti yanayouma leo hayatakuwa na nafuu baada ya miaka mitano. Kumpandisha juu kila usiku, na chini hakuna bafu ila choo cha wageni, si mpango. Nyumba mpya ingehitaji kumkatia chumba ndani ya ukumbi au kumjengea nyuma. Kumkatia ndani kunaharibu kile ulichokipenda. Suala la kumjengea nyuma tutaliona sasa hivi kwenye kiwanja. Nyumba ya zamani ina kila kitu chini, lakini usilale: pima upana wa milango yake. Ile ya bafuni huwa na sentimita 65 au 70, wakati kiti cha magurudumu huhitaji uwazi wa kama sentimita 80, na mahali pa kukigeuzia mduara wa kama mita 1.5. Hata kama hatahitaji kiti, mtu mwenye mkongojo akishikwa mkono na mwenzake hapiti mlango wa sentimita 65.

Viwanja sasa, na hapa ndipo ukubwa kwenye karatasi unapodanganya zaidi. Kiwanja kipya ni mita za mraba 300, cha zamani 900. Mara tatu, si ndiyo? Inategemea nyumba imekaa wapi. Tuseme nyumba mpya ina upana wa mita 9 na kina cha mita 10 chini, kama ambavyo viwanja vya upana wa mita 12 hulazimisha. Pembeni kunabaki kichochoro cha mita 1.5 kila upande. Vichochoro hivyo viwili kwa pamoja ni mita za mraba 30, asilimia kumi ya ardhi mnayoilipia, na kazi yake ni kupitisha mtu na pipa la taka. Mbele, tuseme mita 7, ni magari. Nyuma mnabaki na mita 8 kwa 12, yaani 96. Huo ndio uwanja wenu halisi. Mkimjengea mama chumba na bafu, kama mita za mraba 20, mnabaki na 76, na sehemu ya madirisha ya nyuma ya ukumbi inazibwa. Haiwezekani kabisa? Inawezekana. Lakini mtakuwa mmenunua nyumba kwa ajili ya mwanga kisha mkauzuia wenyewe.

Kiwanja cha zamani nacho kina lake. Umesema nyumba imekaa katikati. Kama ina mita 12 kwa 10, kuna mita 9 kila upande na mita 10 mbele na nyuma. Inapendeza kwa picha, lakini ardhi imekatwa vipande vinne kuizunguka nyumba. Mkitaka kujenga kibanda cha kupangisha upande mmoja, mtatoa umbali wa kuacha mpakani na umbali kutoka nyumba kubwa. Ukichukua mita 1.5 na mita 3 kwa mfano tu, kwa maana kila mamlaka ya mipango miji ina vipimo vyake, umebaki na upana wa mita 4.5. Chumba kinatosha, nyumba ya maana haitoshi. Kugawa kiwanja na kuuza nusu ndiyo usahau kabisa mpaka mpimaji aseme, kwa sababu mstari wa kugawa katikati unapita sebuleni. Nyumba ile ile ingekaa kwenye kona, mngekuwa na uwanja mmoja mkubwa wa kufanyia lolote. Kwa hiyo mume wako asiseme "mita 900", aseme "vipande vinne vya upana wa mita tisa na kumi". Bado ni vizuri kuliko 96, ila si uwanja mmoja kama karatasi inavyoonyesha.

Ardhi kubwa pia hula. Uzio wa kiwanja cha 30 kwa 30 ni mita 120, wa 12 kwa 25 ni mita 74. Kuna majani ya kukata, miti ambayo mizizi yake hutafuta mabomba na msingi, na majirani wanaosogeza mipaka pole pole. Kama hakuna kati yenu anayependa kushika jembe, jumlisheni mshahara wa mtu wa kuitunza. Kwa upande mwingine ardhi iliyo wazi inafanya kazi moja ambayo haionekani mpaka inyeshe. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba mpya ikiwa na paa la mita 90, mbele kumesakafiwa na vichochoro pia, jumla ni zaidi ya mita za mraba 200 zisizonyonya maji. Mvua ya milimita 40 inakuletea zaidi ya lita 8,000, zinazotafuta njia ya kutoka kwa saa moja au mbili. Zinakwenda wapi? Ukipata jibu la wazi, kama mfereji wa kweli wenye mteremko unaopeleka mahali palipokubaliwa, tulia. Ukijibiwa "zitajipoteza tu," nenda siku ya mvua ukaangalie zinapojipotezea. Na kama eneo halina mfumo wa maji taka wa umma, uliza shimo liko wapi na likijaa la pili litachimbwa wapi. Kwenye mita 96 zilizobaki hilo ni swali gumu, kwenye 900 ni swali la nusu saa.

Kuna la faragha pia, nalitaja kwa haraka. Kwenye kiwanja cha upana wa mita 12, dirisha lako na la jirani huenda yako mita 3 kutoka moja hadi jingine. Kama kiwanja jirani bado ni tupu, usikihesabu kama mandhari yako. Chukulia tayari kina nyumba ya ghorofa.

Nimefika kwa dada yako. Kubomoa kuta. Swali la kwanza ni kama ukuta unabeba mzigo, na kuugonga kwa kidole usikie mlio hakukwambii. Kwenye nyumba isiyo na ghorofa, jibu liko juu ya dari. Fundi apande na tochi atazame paa limeshikiliwaje. Kama kuna kenchi, yaani fremu za pembetatu za paa, zilizotengenezwa kuruka kutoka ukuta wa nje hadi wa nje, kuta za ndani huenda hazibebi paa. Lakini mapaa mengi ya zamani yalikatwa na kupigwa misumari hapo hapo juu, na fundi seremala alipoona mbao inalegea aliweka kiegemezo kikasimama juu ya ukuta wa karibu. Nguzo fupi za namna hiyo ukiziona zimekaa juu ya ukuta wa jiko, ukuta huo unabeba. Na hata usiobeba paa unaweza kuwa unaukaza ukuta mrefu wa nje usiyumbe kwa upepo au tetemeko. Kuuondoa kunahitaji boriti, nguzo mbili za kuibebea, na mara nyingi msingi mpya chini ya kila nguzo, kwa sababu mzigo uliokuwa umesambaa kwenye mita nne za ukuta sasa unashuka kwenye pointi mbili. Ongeza mabomba na nyaya zilizopita ndani ya ukuta huo, sakafu isiyolingana pande mbili, dari ya kurudishia, na asbesto kama ipo. Ndiyo maana nilisema ushauri wake ni rahisi kusikia.

Isitoshe, mkizibomoa zote mtakuwa mmelipa kuipoteza sifa ile ile inayoifanya nyumba hiyo iwafae. Unachokitaka hasa, ulivyoandika, ni kuwaona watoto ukiwa jikoni. Hicho hakihitaji ukumbi wazi. Kinahitaji tundu moja la upana wa mita 1.8 au 2 kati ya jiko na chumba cha kulia, chini ya renta (boriti ya juu ya uwazi) iliyokokotolewa na mhandisi, na ikiwezekana mlango wa kuteleza wa kioo ili jioni ya kelele na harufu ya kukaanga ufungwe. Chumba cha kulia kinakuwa mahali pa watoto kufanyia kazi za shule mbele ya macho yako. Sebule inabaki na mlango wake, korido inabaki, na mume wako anachukua stoo kama ina dirisha na anaweza kukaa humo bila kukosa hewa. Vyumba vitatu vya kulala vinatosha kwa ninyi wawili, watoto kwa pamoja, na mama. Watoto watakapokua na kila mmoja kutaka chake, ile mita 4.5 ya upande itakuwa na kazi.

Nimeegemea upande wa nyumba ya zamani, umeshaona. Lakini kuna hali ambazo ningegeuka bila kusita. Kama akiba yenu yote inaishia kwenye bei ya kununua na hakuna fungu la matengenezo, chukueni mpya, kwa sababu nyumba ya miaka hamsini haingoji mpate fedha ndipo bomba lipasuke. Kama mama mkwe hatahamia tena, ngazi inaacha kuwa hoja na vyumba vinne vya juu vinakuwa vingi, kimoja kikawa ofisi. Kama wote wawili mnarudi usiku na hakuna wa kuutunza uwanja, kiwanja kikubwa kitawageuka kuwa deni. Na kama muuzaji wa ile mpya anaweza kuwapa michoro iliyoidhinishwa na dhamana ya maandishi, mmepata kitu ambacho kwa ile ya zamani hakuna atakayewapa.

Kabla ya kutoa hata malipo ya kwanza, walete watu wanne, kwa mpangilio huu. Kwanza mpimaji ardhi aliyesajiliwa, avikute vigingi vya mipaka na kuvilinganisha na hati, kwani hakuna maana ya kukagua nyumba ambayo kona yake iko kwa jirani. Aulize pia kama kuna hifadhi ya barabara, bomba kuu au nguzo za umeme zinazokula kiwanja. Kisha mhandisi wa majengo. Kwa nyumba ya zamani, umwonyeshe kila ufa: ufa mwembamba wa plasta usikutishe, ila unaopita milimita 5, unaoshuka kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, unaozidi kupanuka, au unaoambatana na milango inayokwama, huo ni mazungumzo ya msingi na hayafanywi kwa picha za simu. Kwa nyumba mpya, aangalie michoro ya nondo na mteremko wa maji. Mwisho fundi umeme na fundi bomba. Wa umeme apime ethi kwa kifaa, si kwa macho. Wa bomba afungue bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja. Maji ya bafuni yakipungua na kuwa uzi, huenda mabomba ya chuma yamekwisha kuziba, na yakiwa hivyo yanabadilishwa yote.

Mhandisi akikuta msingi wa nyumba ya zamani bado unazama, iacheni, hata kama kiwanja kinawavutia kiasi gani. Kuinua msingi ni kazi isiyojulikana mwisho wake mpaka ichimbwe, na mkadiriaji mwaminifu hatakupa bei kamili kabla ya hapo. Akikuta kwamba ni mabomba, nyaya na plasta tu, omba orodha yenye gharama, iweke mbele ya muuzaji, na bei ya kuelewana ianzie hapo.